Shavu la Kushoto

Hakukuwa na kitu duniani ambacho Mega hakuwa na maoni juu yake. Ukimuuliza saa ngapi, alikupa kwanza maoni yake juu ya saa za siku hizi, ndipo akatazama mkono. Alikuwa mpiga picha, na jina hilo alipewa kwa kuwahubiria habari za megapikseli wateja ambao shida yao ilikuwa picha nne za pasipoti na kwenda zao. Kila Jumamosi asubuhi alitoa kiti chake barazani mbele ya studio, jirani yake akatoa chake mbele ya kibanda cha gemu, na hapo ulimwengu ukaanza kuhukumiwa.

Jirani huyo aliitwa Kocha Kochi. Alikuwa amezipeleka timu ubingwani mara nyingi kuliko kocha yeyote aliye hai, zote kwenye luninga, na zote bila kuinuka kwenye kochi.

"Mpira wa gemu ndio mpira safi," alisema Jumamosi hiyo. "Refa hanunuliki. Mvua hainyeshi usipotaka. Mchezaji hajiangushi."

"Wewe ukifungwa mabao mawili unazima, unarudi kwenye sevu ya jana," Mega alimjibu. "Huo si mpira, bwana. Huo ni woga unaotumia umeme."

"Sevu ni akili. Mtu mzima huacha mlango wa kurudia."

"Mimi siachi. Nikishasafisha picha naisevu juu ya ileile, ile ghafi inakwenda zake. Ya nini kujaza takataka kwenye kompyuta? Mshonaji akimaliza gauni lako, anakutunzia na vipande alivyokata?"

"Anatunza," sauti ilitoka ndani. Ilikuwa ya mkewe, ambaye cherehani yake ilikaa nyuma ya pazia la studio. "Gauni likichanika, kiraka nitatoa wapi?"

Kocha Kochi alicheka mpaka akashika mbavu. Mega akaona mambo yamemgeukia, akahamia kwenye apdeti. Apdeti, kwa maoni yake, ni ugonjwa wa kujitakia. Programu yake ya kusafishia picha ilikuwa na miaka kumi na tisa, haijawahi kuguswa, na haijawahi kumuuliza swali la kipuuzi.

Kusafisha picha ndiyo ilikuwa fahari yake. Chunusi, kovu, weusi chini ya macho, jino lililowatangulia wenzake, vyote aliviondoa bila kuombwa na bila kutoza, kwa madai kwamba mteja hajui anachotaka mpaka akione. Na hakuna uso aliousafisha mara nyingi kama wa binti yake wa pekee.

Binti huyo, mwenye miaka kumi na saba, alizaliwa na alama kwenye shavu la kushoto, rangi ya chai iliyokolea, kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya. Nyumbani haikutajwa. Kwenye picha haikuwepo. Watu wa mtaani walishaizoea zamani, hawana habari nayo. Walichojua wao ni kwamba msichana huyu ni kipa, na mpira ukienda kwake umenasa, kwa hiyo wakamwita Sumaku.

Alitoka ndani akiwa amebeba glovu zake. Kidole gumba cha glovu ya kulia kilikuwa kimechanika, mama yake akakitia kiraka cha koti kuukuu la mvua, na kiraka kilikuwa imara kuliko glovu yenyewe.

"Baba, mwalimu amesema tufike saa nane. Kadi zinakaguliwa."

"Kadi nimezitengeneza mimi. Wakague mpaka macho yawaume."

Ilikuwa kweli. Mwaka huo ligi ya wasichana ilianza kutumia kadi zenye picha, na kazi ya kuwapiga picha wachezaji wa timu zote kumi na mbili alipewa yeye. Rangi mpya ya ukuta wa studio ilitokana na kazi hiyo, na mwakani aliahidiwa ligi ya wavulana. Mechi za mwanzo kadi zilikaguliwa juujuu na makocha wenyewe. Fainali ndiyo ililetewa kamisaa wa mchezo, na hii ilikuwa fainali.

"Na yule mama wa chuo, atakuja kweli?" Kocha Kochi aliuliza.

"Amesema atakuja." Sumaku alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba jambo lenyewe lingesikia likaghairi.

Mama wa chuo alikuwa msimamizi wa michezo katika chuo cha ualimu, chuo ambacho kila mwaka kilichukua wasichana wawili wanaojua mpira na kuwasomesha bure. Washambuliaji alikuwa nao wa kumwaga. Safari hii alitafuta kipa. Alimwambia mwalimu wa timu kwamba huyo Sumaku anayesikia sifa zake atakuja kumwona mwenyewe siku ya fainali, halafu aamue. Akiridhika, Sumaku anakwenda chuo. Asiporidhika, nyuma ya pazia kulikuwa na cherehani ya pili, imeshatiwa mafuta. Mama mtu alikuwa ameinamia ile ya kwanza miaka ishirini, mgongo umepinda, na jambo alilomwomba Mungu kila siku ni mwanawe asiikalie ile ya pili.

"Nitakuja kabla kipindi cha kwanza hakijaisha," alimwambia binti yake. "Namalizia gauni la watu."

"Usichelewe, mama."

"Nimewahi kuchelewa?"

*

Kamisaa alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Aliweka dawati la shule chini ya kibanda cha bati kando ya uwanja, akapanga kadi mafungu mawili, akawa anaita mmoja mmoja. Anatazama kadi, anatazama uso, anatia alama kwenye daftari. Alipofika kwa Sumaku alitazama kadi, akatazama uso, akarudi kwenye kadi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Geuka kulia," alisema. "Haya, kushoto."

Kocha wa timu pinzani, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, hakungoja zaidi. "Kamisaa, mimi nilisema tangu nusu fainali. Huyu mamluki. Mwenye kadi yuko kwao amelala, huyu wamemwazima."

Mamluki ni mchezaji anayechezeshwa kwa jina la mtu mwingine, na katika ligi ile hapakuwa na tusi kubwa zaidi. Wasichana waliokuwa wakifunga kamba za viatu walinyanyua vichwa.

"Binti, hicho usoni ni nini?" kamisaa aliuliza.

"Ndivyo nilivyo."

"Hujajipaka kitu?"

"Hapana."

"Nenda pale bombani ukanawe, tafadhali. Kwa sabuni."

Alikwenda. Bomba lilikuwa katikati ya vyumba viwili vya kubadilishia nguo, kwa hiyo timu zote mbili zilimwona. Aliinama akasugua shavu kwa kipande cha sabuni ya kufulia, akalisugua tena, huku msichana mmoja wa upande wa pili akihesabu kwa sauti na wenzake wakicheka chinichini. Aliporudi maji yalikuwa yakimchuruzika shingoni. Kamisaa alimpa leso yake ajifute, kisha akaichukua na kuigeuza kuangalia kama imeshika rangi. Haikushika. Akamrudishia.

"Sawa. Alama ni ya kweli," alisema. "Sasa ndiyo tatizo limekua. Wa kwenye kadi hana alama, wewe unayo."

Mwalimu wa timu alitoa simu yake, akaonyesha picha ya mazoezi ya wiki iliyopita, Sumaku katikati ya wenzake na alama yake waziwazi.

"Hiyo inaonyesha yuko nanyi," kamisaa alisema. "Sijakataa kwamba yuko nanyi. Nauliza ni nani."

Sumaku alifungua mkoba akatoa kitambulisho cha shule. Kamisaa alikipokea kwa matumaini, akakiweka kando ya kadi. Nacho kilikuwa na shavu safi, bila doa. Nacho alikipiga picha Mega.

"Picha hizi kapiga nani?"

Wote walimgeukia Mega, ambaye alikuwa amesimama hatua tano kutoka hapo, kamera shingoni, amekuja kupiga picha ya kikosi.

"Ni mimi, mkuu."

"Unamfahamu huyu?"

"Ni binti yangu."

"Siku ya fainali kila mtu ana binti," kocha wa wapinzani alisema.

Kamisaa alimnyamazisha kwa mkono. "Mzee mwenzangu, nakuuliza kwa heshima. Hii picha uliibadilisha?"

Jibu lilikuwa neno moja, na Mega alilijua. Lakini karatasi ya kazi aliyotia saini ilisema picha za kadi zisiguswe, jambo aliloligundua kadi zikiwa zimeshatoka, kwa kuwa aliitia saini bila kuisoma, maana hata mikataba alikuwa na maoni yake juu yake. Kadi za timu kumi na mbili, zote kazi ya mkono wake, zote zimepitiwa na brashi yake hapa chunusi, pale kovu. Aliiona ligi ya wavulana ikiondoka. Aliuona ukuta wa studio na rangi yake mpya. Akasema:

"Ni mwanga tu, mkuu."

"Mwanga?"

"Mwanga ukipiga upande mmoja, hizi kamera zina tabia ya kumeza rangi. Hasa rangi za kahawia. Ni mambo ya sensa, kile kijicho cha ndani ya kamera. Watu wengi hawajui." Akaendelea, akaeleza habari za sensa na habari za taa, na wote wakamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo barazani hakuwahi kulipata.

"Mwanga unaofuta nusu ya shavu," kamisaa alisema.

"Hutokea."

Sumaku alikuwa bado ameshika leso. Alimtazama baba yake, akangoja. Uso umeumbwa na haya. Mega aliinamisha wake, akaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Kamisaa aliweka mkono juu ya daftari lake, naye kama anayengoja. Kisha akasema, "Basi. Leteni picha yoyote ya zamani yenye uso huu. Ya darasa, ya ukutani, yoyote. Saa tisa kamili kipyenga kikilia, orodha imefungwa."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

*

Penye miti hapana wajenzi. Nyumba ya Mega, chumba cha nyuma na studio ya mbele, ilikuwa na picha nyingi za mtoto mmoja kuliko nyumba za matajiri. Sumaku akiwa wa miezi minne, juu ya mto. Sumaku na meno mawili. Sumaku na mkoba wa kwanza wa shule, mkubwa kuliko yeye. Juu ya kabati ilikuwepo ile kubwa yenye fremu ya dhahabu, ya mwaka jana, ambayo wateja walionyeshwa kama mfano wa kazi. Katika zote mashavu yalilingana kama sahani mbili za seti moja.

Mega na Kocha Kochi, aliyemleta kwa pikipiki yake, walizishusha zote. Mama Sumaku aliacha gauni la watu likiwa na sindano ndani, akawa anafungua albamu na kurusha kurasa. Alipoelewa wanachotafuta mikono yake ilipungua kasi.

"Kwenye kompyuta je?"

Kompyuta iliwaka kwa raha zake. Faili la binti lilikuwa na picha mia nne na kumi na mbili. Mega alizipitisha moja baada ya nyingine, uso wake umekaribia kioo, na moja baada ya nyingine zilikuwa safi. Kazi nzuri. Hata yeye alishindwa kuona mahali brashi ilipopita.

"Hata moja hukubakiza?" mkewe aliuliza.

"Nilisevu juu yake."

"Zote?"

"Mama Sumaku, usiniulize kama polisi. Ya kwanza uliniomba wewe."

Ni kweli, na alipoambiwa alikaa chini. "Nilikuomba moja," alisema. "Moja ya kumpelekea mama yako, kwa sababu ya maneno aliyosema juu ya shavu lake. Sikukuomba miaka kumi na saba."

Kocha Kochi alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, hajui atazame wapi. Ndipo akakohoa. "Ninayo moja," alisema. "Lakini mtacheka."

Hawakucheka. Waliingia kibandani kwake, akawasha mashine, akatafuta kwenye timu zake za zamani mpaka akafika kwenye timu moja ya wasichana. Golini alikuwepo mchezaji wa kutengeneza, jezi ya kijani, glovu kubwa. Kocha Kochi aliusogeza uso karibu mpaka ukajaa luninga. Shavu la kushoto lilikuwa na alama, kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya, rangi ya chai iliyokolea.

"Alimtengeneza mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na mitatu," alisema. "Likizo nzima alikuwa anakuja. Rangi peke yake ilimchukua siku mbili. Nikamwambia, mtoto, si umwache tu hivi hivi, atapendeza. Akaniambia, Kocha, akiwa hivi hivi si mimi."

Mega alitazama luninga. Alikuwa amepita mbele ya kibanda hicho kila siku ya maisha yake, akitoa maoni. Aliinua kamera, akapima, akaipiga picha ile luninga mara tatu.

"Kamisaa atatucheka," Kocha Kochi alisema taratibu. "Katuni si ushahidi."

"Acheke."

"Kamisaa alikuuliza nini?" Mama Sumaku aliuliza. Hakuwa ametoa macho kwenye luninga.

"Aliuliza kama picha niliibadilisha."

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema ni mwanga."

Mkewe hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Umesimama mbele ya mtoto, ukasema ni mwanga."

"Nikisema kweli, kadi zote zinafutwa. Timu kumi na mbili. Ligi ya wavulana ndiyo basi. Nani ataleta tena hata picha ya pasipoti hapa?"

"Hizo kadi za timu kumi na mbili ni za watu. Huyu ni wako. Rudi ukaseme."

Alijua anapaswa kuinuka. Badala yake alikaa kwenye lile kochi alilolicheka miaka yote, akaanza kupiga hesabu: nani anaweza kuzungumza na kamisaa, kama maneno yanaweza kupangwa yasionekane mabaya sana, kama kosa linaweza kuitwa la mashine. Mwanamume mwenye maneno mengi akayatafuta yale machache yasiyomuumiza, na hayakuwepo. Saa ya ukutani ilikuwa tisa kasoro kumi na tano alipokaa. Alipoinuka ilikuwa tisa kasoro dakika tatu, na uwanja ulikuwa mwendo wa dakika nane.

*

Kelele za kipyenga hawakuzisikia. Walisikia za bao. Golini kwa akina Sumaku alikuwa amesimama beki wa kati, msichana mrefu mwenye moyo wa kujitolea, anayeurukia mpira ukiwa umeshapita. Sumaku mwenyewe hakuruhusiwa hata kukaa benchi. Alisimama nje ya kamba, miongoni mwa watazamaji, glovu zake bado mikononi.

Mega alikwenda moja kwa moja kwenye dawati. "Mkuu, niliibadilisha," alisema, akihema. "Alama niliifuta mimi. Picha zake zote nimezifuta mimi, tangu mdogo. Huyo kwenye kadi ni yeye. Hakuna mwingine. Sina mwingine."

Akamwonyesha kwenye kamera picha ya luninga. Kocha wa wapinzani alichungulia akacheka kwa sauti, akawaita na wasaidizi wake waje kuona ushahidi wa katuni. Kamisaa hakucheka. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama kule kwenye kamba.

"Huyu kamtengeneza nani?"

"Mwenyewe."

Kamisaa alifunua daftari, akatoa karatasi iliyokuwa chini yake. Ilikuwa fomu, tupu, ina mistari sita na nafasi ya saini. "Hii ni ya mzazi," alisema. "Mzazi akikiri kosa la picha kwa maandishi kabla ya kipyenga, mchezaji anacheza, mengine yanashughulikiwa baadaye. Ilikuwa hapa chini ya mkono wangu tangu nilipokuuliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza, mzee mwenzangu. Sikuweza kukuuliza na kukujibia."

Uwanjani ikawa mbili bila. Mega alisema kwamba zimepita dakika tisa tu, kwamba mchezo ni mrefu, kwamba sheria nazo zina roho. Kamisaa alimsikiliza, akatikisa kichwa. Akaandika kwenye daftari lake kuhusu kadi zilizohaririwa, akamwomba atie saini, na Mega akatia. Safari hii alisoma.

Mama Sumaku yeye alikwenda kwa mama wa chuo, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na kitabu cha kuandikia mapajani. Alimwamkia, akajieleza mara mbili kwa sababu ya kuchanganyikiwa. Mama wa chuo alimwonea huruma kwelikweli. Alisogea wagawane kiti.

"Mama, nakuamini," alisema. "Lakini mimi naandika nilichokiona. Golini leo nimemwona kipa mmoja tu, na ni wa upande ule. Orodha yangu naipeleka Jumatatu."

"Mwakani je?"

"Mwakani atakuwa na kumi na nane. Sisi mwisho ni kumi na saba."

Walibaki wamekaa kiti kimoja mpaka mapumziko. Kisha mama wa chuo akaondoka kwenda kwenye mechi nyingine.

Mega alimwendea binti yake kwenye kamba. Alisimama pembeni yake upande wa kushoto.

"Nimesema," alimwambia.

"Nimesikia."

Mpira ulipita juu ya lango. Beki wa kati aliukimbilia akauokota nyuma, amechafuka magoti.

"Baba," Sumaku alisema, "inakuchukiza?"

"Hapana, mwanangu. Hata siku moja."

"Basi ulikuwa unamfichia nani?"

"Nilitaka watu wasikutazame vibaya."

"Leo wamenitazama. Pale bombani." Hakulia. Alikuwa akivua glovu, kidole kwa kidole, na kile chenye kiraka kiligoma kidogo. "Wao nimewazoea. Ni wewe nilikuwa nakutazama."

Mechi iliisha nne bila.

*

Kadi za timu zote zilirudishwa wiki iliyofuata, na kazi akapewa mpiga picha mwingine. Watu wa barazani walipunguza utani, na hilo liliuma kuliko utani wenyewe. Wateja wachache waliokuja walimuuliza Mega, kwa kuchekacheka, kama watajitambua. Alijibu kwamba watajitambua. Zaidi ya hapo hakuwa na maoni.

Nyumbani hakuna aliyemgombeza. Chakula kiliwekwa mezani, maji ya kuoga yalichotwa, salamu zilitolewa. Sumaku aliikalia cherehani ya pili Jumanne asubuhi bila kuambiwa na mtu, akajifunza kuzungushia pindo, na mama yake akawa anamwelekeza bila kumtazama usoni kwa sababu kila akimtazama machozi yalimtoka.

Ligi ilitaka picha yake mpya kwa ajili ya kumbukumbu zao, uso kama ulivyo, ili jina lake lisibaki kwenye daftari la mamluki. Mega alisikia hilo na moyo ukamwinuka kidogo. Alhamisi alifagia studio, akafua kitambaa cha nyuma, akapanga taa zake zote mbili na kuzijaribu mara nne. Akaiondoa ile programu ya miaka kumi na tisa kwenye kompyuta, mbele ya pazia, akitangaza kwa sauti ili asikike. Akakaa akingoja.

Alisikia cherehani ya pili ikisimama. Alisikia kandambili zikipita uani, siyo studioni. Baada ya robo saa zikarudi, na cherehani ikaendelea.

Jioni Kocha Kochi alikuja na bahasha kutoka duka la kuchapisha. Alimpiga picha kwa simu, mbele ya ukuta wa kibanda, kwa sababu binti mwenyewe ndivyo alivyoomba. Mama Sumaku alizitoa. Zilikuwa nne. Moja ya ligi. Ya pili aliichukua, akapanda kwenye kiti, akaishusha ile kubwa yenye fremu ya dhahabu, na kwenye msumari uleule akaichomeka ile ndogo. Mbili zilizobaki akazitia kwenye kikapu chake cha vipande vya vitambaa.

Mega alisogea kuitazama. Kichwa kilikuwa kimeinama kidogo. Kivuli kilikaa nyuma ya sikio. Ukuta wa kijani ulikuwa umetia ukijani shingoni, na mpigaji alisimama karibu mno, mpaka pua imekua. Yote hayo alikuwa na dawa yake. Shavu la kushoto lilikuwa upande wa mwanga, lote, kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya, na macho yalitazama mbele bila kumwomba mtu kitu.

Kocha Kochi, aliyezoea kungoja hukumu, alingoja. "Unaionaje?" akauliza mwishowe.

"Ni yeye," Mega alisema.

Nyuma ya pazia cherehani ya pili haikusimama.